Tarakilishi yangu na miaka ya pufya katika besiboli

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu za simu tuzungumzie mchezo ambao wengi wetu hatuuchezi wala hatuutazami, yaani besiboli ya Marekani. Najua utauliza, besiboli na sisi wapi na wapi? Subiri kidogo, tutafika.

Jambo lenyewe lilianza ofisini wakati wa chai. Mwenzangu mmoja aliyesomea Marekani alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kupingwa, kwamba tangu Wamarekani waanze kuwapima wachezaji wa besiboli dawa za kusisimua misuli, mambo mawili yametokea. La kwanza, mipigo mikubwa imepungua. La pili, wachezaji wanaumia ovyo kwa sababu miili yao haina tena dawa ya kuiponya haraka. Mimi nilimwambia maneno matamu hayo, lakini takwimu ziko wapi? Akacheka akasema, "Si wewe ndiye mtu wa tarakilishi? Zitafute."

Nikazitafuta. Na ukweli ni kwamba hakuna mchezo duniani uliomrahisishia mtu wa tarakilishi kazi kama besiboli. Mwandishi wa habari Sean Lahman alitengeneza hifadhidata ya bure yenye takwimu za wachezaji wa ligi kuu tangu mwaka 1871. Kuna pia kundi la watu wa kujitolea linaloitwa Retrosheet, lililoanzishwa mwaka 1989 na David Smith, ambalo hukusanya kumbukumbu za michezo ya zamani pigo kwa pigo. Unapakua faili, unazifungua, na miaka zaidi ya mia na hamsini ya mchezo iko mbele yako. Nilizipakua Ijumaa jioni nikidhani nitamaliza Jumamosi asubuhi. Sikumaliza hivyo, na sababu ya kutomaliza ndiyo habari yenyewe.

Mchezo kwa kifupi

Kwa asiyeujua: mrushaji anarusha mpira kwa kasi, mpigaji anajaribu kuugonga kwa gongo la mbao. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, ambao uko kama mita 100 pembeni na mita 120 hivi katikati, hiyo inaitwa homurani, na hapo hakuna wa kumzuia, anazunguka uwanja kwa raha zake na timu inapata mkimbio. Ligi kuu ina timu 30, na kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu. Kwa hiyo takwimu ni nyingi mno, na mshahara wa mchezaji hutegemea takwimu hizo.

Shika jambo hilo la mshahara. Homurani iliyopigwa kwa msaada wa dawa haimuumizi mrushaji wa siku ile peke yake. Yuko pia mpigaji mwingine, aliyekataa dawa, ambaye nafasi yake kwenye timu ilichukuliwa na mwenye dawa. Huyo hutamwona kwenye hifadhidata yoyote.

Miaka ya majabali

Mwaka 1927 Babe Ruth alipiga homurani 60 katika msimu mmoja. Mwaka 1961 Roger Maris akapiga 61. Kwa miaka 36 baada ya hapo hakuna aliyefika 60. Hata kufika 50 ilikuwa shida: kuanzia 1962 hadi 1994 waliofanya hivyo walikuwa watatu tu, Willie Mays mwaka 1965, George Foster mwaka 1977 na Cecil Fielder mwaka 1990.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka 1994 wachezaji waligoma, fainali zikafutwa, na mashabiki wakakasirika. Ligi ilihitaji kitu cha kuwarudisha viwanjani. Mwaka 1998, mimi nikiwa bado mtoto mchanga, Mark McGwire alipiga homurani 70 na Sammy Sosa akapiga 66. Mwaka uliofuata wakapiga 65 na 63. Mwaka 2001 Sosa akapiga 64, na Barry Bonds, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kupita 49 kwa msimu, akapiga 73. Mwaka huo Bonds alitimiza miaka 37, umri ambao wapigaji wengi wanakuwa wamestaafu au wako njiani.

Yaani jambo lililotokea mara mbili tu katika historia nzima likatokea mara sita katika misimu minne.

Je, watu hawakushuku? Walishuku. Katikati ya msimu wa 1998 mwandishi wa habari Steve Wilstein aliona chupa ya androstenedione katika kabati la McGwire. Dawa hiyo wakati huo iliuzwa madukani Marekani bila cheti cha daktari, na besiboli haikuikataza. Aliyelaumiwa zaidi alikuwa mwandishi, eti anaharibu sherehe.

Sheria zilivyokuja, polepole

Hapa nataka uniangalilie tarehe vizuri, kwa sababu ndizo nilizozitafuta ndani ya takwimu.

Mwaka 1991 kamishna wa ligi Fay Vincent alituma waraka kwa timu zote akisema steroidi ni marufuku. Lakini hapakuwa na kipimo chochote, kwa hiyo ilikuwa kama kuweka nenosiri kwenye mlango usio na kufuli. Mwaka 2002 Ken Caminiti, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi ya National mwaka 1996, alikiri hadharani kwamba alitumia steroidi. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 41.

Mwaka huohuo wa 2002 ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana kufanya jaribio: msimu wa 2003 wachezaji wote wapimwe bila majina yao kutajwa, na kama zaidi ya asilimia 5 ya vipimo vitaonyesha dawa, upimaji wa kweli uanze. Matokeo yalikuwa kati ya asilimia 5 na 7. Na kumbuka, watu hao walijua mapema kwamba mwaka ule watapimwa! Zaidi ya hapo, kipimo hakikuweza kuona kila kitu. Mwaka huohuo kocha wa riadha alipeleka kwa shirika la Marekani la kupambana na pufya bomba la sindano lenye mabaki ya steroidi mpya, THG, iliyosambazwa na maabara ya BALCO karibu na San Francisco. Don Catlin na wenzake wa maabara ya chuo kikuu cha UCLA ndipo wakatengeneza namna ya kuigundua. Kabla ya hapo ilipita kwenye vipimo bila kuonekana. Wewe unayetumia antivairasi unaelewa: programu inakamata kirusi iliyokwisha kuambiwa sura yake. Kirusi kipya kinapita na kukusalimia.

Na hayo majina yaliyoahidiwa kufichwa? Sampuli zilikuwa na namba, lakini mahali fulani palikuwa na orodha ya kuunganisha namba na majina, na orodha hiyo haikuharibiwa kwa wakati. Wapelelezi wa serikali waliichukua mwaka 2004 na baadaye baadhi ya majina yakavuja magazetini. Mahakama ilikuja kusema mwaka 2009 kwamba uchukuaji ule haukuwa halali, lakini maji yalikwisha kumwagika. Ukiahidi watu siri, usiweke ufunguo.

Baada ya hapo adhabu ziliongezeka hivi. Mwaka 2004, kwa mara ya kwanza kupatikana na dawa, mchezaji alipelekwa kwenye matibabu tu. Mwaka 2005 alifungiwa siku 10. Mwezi Machi mwaka huo Bunge la Marekani liliwaita McGwire, Sosa, Rafael Palmeiro na wengine wajibu maswali. Palmeiro alinyoosha kidole akakana, na Agosti akafungiwa. Kuanzia 2006 adhabu ikawa michezo 50, kisha 100, kisha maisha, na amfetamini nazo zikaanza kupimwa. Desemba 2007 ripoti ya seneta wa zamani George Mitchell ikataja wachezaji 89. Mwaka 2013 upimaji wa damu kutafuta homoni ya ukuaji ukaanza kufanyika hata katikati ya msimu, na mwaka 2014 adhabu ikapandishwa hadi michezo 80, kisha 162, kisha maisha.

Nilivyoiuliza tarakilishi

Basi wazo langu lilikuwa rahisi. Nitaandika programu ndogo isiyojua lolote kuhusu dawa. Nitaipa homurani kwa kila timu kwa kila mchezo, mwaka kwa mwaka, halafu nitaiambia: jaribu kukata orodha hii kwenye kila mwaka, linganisha wastani wa kabla na wa baada, uniambie ni wapi mkato unaingia vizuri zaidi. Kama upimaji ulibadilisha mchezo, programu itanitajia 2004, 2005 au 2006 bila kuambiwa.

Angalizo moja kwa wanaoanza kazi hii: usitumie jumla ya homurani, tumia kiwango kwa kila mchezo. Timu zilikuwa 26 mwaka 1992 na zikawa 30 mwaka 1998, kwa hiyo jumla ingepanda hata kama hakuna mtu aliyemeza kidonge.

Nilianza na miaka 1985 hadi 2014. Programu ikataja mwaka 1994. Sawa, hiyo ni njia ya kupanda: mwaka 1992 kiwango kilikuwa homurani 0.72 kwa timu kwa mchezo, mwaka 1994 kikawa 1.03, na kilele kikawa 1.17 mwaka 2000. Halafu nikaipa miaka 1994 hadi 2014 peke yake ili itafute njia ya kushuka. Nikakaa tayari kumpigia mwenzangu simu.

Ikataja mwaka 2010.

Nikadhani nimekosea kitanzi. Nikakagua, nikarudia, bado 2010. Ukitazama namba zenyewe unaelewa kwa nini. Mwaka 2003, wa vipimo visivyo na majina, kiwango kilikuwa 1.07. Mwaka 2004 kikapanda hadi 1.12. Mwaka 2005 kikashuka hadi 1.03. Mwaka 2006, adhabu zilipokuwa kali kweli, kikapanda tena hadi 1.11! Kushuka kwa kweli kulianza 2010 na kukafika chini kabisa mwaka 2014, kwenye 0.86.

Mwaka 2010 kuna nini? Hakuna sheria mpya ya dawa ya kuelezea mkato ule. Yapo mambo mengine. Kuanzia 2008 kila uwanja ulikuwa na kamera za mfumo wa PITCHf/x zinazopima kila mrusho, na waamuzi, wakijua kwamba wanakaguliwa na mashine, wakaanza kuhesabu mirusho ya chini kuwa halali kuliko zamani. Warushaji nao walikuwa wanarusha kwa kasi zaidi. Wapigaji waliotolewa kwa kukosa mpira mara tatu walikuwa kama 6.5 kwa timu kwa mchezo mwaka 2000, na wakafika 7.7 mwaka 2014. Asiyegusa mpira hapigi homurani, awe na dawa au asiwe nayo.

Halafu likaja pigo la mwisho kwa nadharia ya mwenzangu. Nikaongeza miaka iliyofuata. Mwaka 2019, upimaji ukiwa mkali kuliko wakati wowote, kiwango kilikuwa 1.39, kikubwa kuliko mwaka wowote wa enzi ya steroidi. Kamati ya wanasayansi iliyoundwa na ligi ilikuwa imetoa ripoti mwaka 2018 ikieleza sababu moja ya kupanda huko: mpira wenyewe ulikuwa unakumbana na ukinzani mdogo zaidi wa hewa. Watu walibishana miaka ishirini kuhusu misuli, kumbe mishono ya mpira nayo ina neno lake.

Kwa hiyo steroidi hazikufanya kitu? Hapana, usikimbilie hapo. Hapo ndipo nilipokaribia kuandika makala ya uongo.

Wastani hauoni pembeni

Kosa langu lilikuwa kuuliza wastani. Wastani unachanganya watu mia saba na zaidi, wapigaji wazuri na wabaya, wenye dawa na wasio nayo, na warushaji waliokuwa wakitumia dawa pia. Ndiyo, warushaji pia: ripoti ya Mitchell iliwataja wengi. Na mchezaji wa kwanza wa ligi kuu kufungiwa chini ya sheria ya 2005, Alex Sanchez, hakuwa jitu la misuli. Alikuwa mtu wa mbio, ambaye maisha yake yote ya ligi kuu hakufikisha homurani 10. Dawa ikiwasukuma wapigaji na warushaji kwa pamoja, wastani unaweza kukaa palepale huku pande zote mbili zinavutana.

Nikabadilisha swali. Badala ya wastani, nikahesabu ni mara ngapi mtu alifika homurani 50 kwa msimu. Kuanzia 1995 hadi 2002, misimu minane: mara 18. Kuanzia 2003, mwaka wa vipimo vya kwanza, hadi 2010, misimu minane pia: mara 6. Na homurani 60? Baada ya Bonds na Sosa mwaka 2001, misimu ishirini mizima ilipita bila mtu kufika, mpaka Aaron Judge alipopiga 62 mwaka 2022, kisha Cal Raleigh akapiga 60 mwaka 2025.

Mwanafizikia Roger Tobin wa chuo kikuu cha Tufts alieleza jambo hili katika makala ya mwaka 2008. Homurani ni tukio la pembeni: mipira mingi inaanguka kabla ya ukuta, michache inavuka. Ukiongeza kasi ya gongo kidogo tu, asilimia chache, mipira mingi iliyokuwa ikifia mita tatu kabla ya ukuta sasa inavuka, na kwa mpigaji ambaye tayari ni hodari, homurani zinaweza kuongezeka kwa asilimia 50 hadi 100. Sisi tunaotunza seva tunalijua hili. Mzigo ukiongezeka kidogo, wastani wa muda wa kujibu hausogei sana, lakini maombi yanayopita kizingiti yanaongezeka maradufu na simu zinaanza kulia.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitasema hivi: upimaji hauonekani kwenye wastani wa ligi, lakini unaonekana kwenye kilele. Majabali yalitoweka. Ligi kwa jumla iliendelea kama kawaida mpaka mambo mengine yalipoibadilisha.

Lakini hata hapo, chunga ulimi. Mwaka 2009 José Bautista alipiga homurani 13. Mwaka 2010 akapiga 54. Ukichora grafu yake bila jina, kila mtu atasema huyu amemeza kitu. Alipimwa, hakuwahi kupatikana na dawa, na yeye na makocha wake walieleza kwamba alianza kuinua mguu na kuanza pigo mapema. Programu yangu ingemhukumu. Mtu mzima angefukuzwa kazi kwa sababu ya mstari uliopanda ghafla.

Majeraha

Tuje kwenye dai la pili, kwamba bila dawa miili inavunjika. Dai hili si la kijinga. McGwire alicheza michezo 27 tu mwaka 1993 na 47 mwaka 1994 kwa sababu ya majeraha, na alipokiri mwaka 2010 kutumia steroidi, alisema alizitafuta ili apone. Andy Pettitte, mrushaji, alikiri mwaka 2007 kwamba alitumia homoni ya ukuaji mwaka 2002 ili kiwiko chake kipone. Kwa upande mwingine kuna hoja ya kinyume: misuli ikikua haraka kuliko kano zinazoishikilia, kano ndizo zinazokatika. Ukifuata hoja ya kwanza, upimaji ungeongeza majeraha. Ukifuata ya pili, ungeyapunguza. Nikasema, hapa sasa takwimu zitaamua.

Desemba 2024 ligi ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji, baada ya kuwahoji watu zaidi ya 200. Mwaka 2005 warushaji waliingizwa kwenye orodha ya majeruhi mara 212. Mwaka 2024 mara 485. Siku walizokaa nje zilitoka 13,666 hadi 32,257. Mwenzangu angeshangilia hapa.

Mimi sikushangilia, kwa sababu ya aibu iliyonipata mwenyewe kazini. Wakati fulani nilibadilisha kanuni kwenye mfumo tuliokuwa tunautunza, malipo yakahesabiwa kuwa yamefeli baada ya dakika 10 badala ya 15. Sikumwambia mtu. Mwezi ulipoisha grafu ya malipo yaliyofeli ikawa juu kama mnazi, na watu wawili wakalala ofisini wakitafuta hitilafu ambayo haikuwepo. Tangu siku ile, nikiona grafu inapanda, swali langu la kwanza ni nani alibadilisha maana ya safu.

Na kweli, besiboli ilibadilisha. Hadi 2016 muda mfupi kabisa wa kukaa kwenye orodha ulikuwa siku 15. Mwaka 2017 ukawa siku 10, na timu zikaanza kuwaweka humo wachezaji wenye maumivu madogo. Mwaka 2011 iliongezwa orodha ya siku 7 kwa waliogongwa kichwa. Mwaka 2019 hata jina la orodha lilibadilishwa. Mwaka 2022 warushaji wakarudishwa kwenye siku 15. Anayechora mstari mmoja kupitia miaka hiyo yote bila kusema hivyo anakudanganya, hata kama hajui.

Bahati nzuri, 2005 na 2024 kanuni kwa warushaji ni ileile, siku 15. Basi nikagawanya. Mwaka 2005 kila aliyeingia kwenye orodha alikaa wastani wa siku 64 hivi. Mwaka 2024, siku 67 hivi. Hebu soma tena. Wanaoumia wameongezeka zaidi ya mara mbili, lakini muda wa kupona umebaki karibu palepale. Kama tatizo lingekuwa kwamba miili imenyang'anywa dawa ya kuponya, ningetarajia muda huo urefuke sana.

Kuna kipimo kingine ambacho hakitegemei kanuni za orodha, nacho ni kisu cha daktari. Septemba 1974 Dk. Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kiwiko, akachukua kano sehemu nyingine ya mwili akaipandikiza kiwikoni. Tommy John alirudi mwaka 1976 na akacheza mpaka 1989. Kwa mujibu wa ripoti ile, upasuaji wa kano hiyo katika ligi kuu na ligi za chini ulikuwa 104 mwaka 2010, na 281 mwaka 2024. Kwa hiyo janga ni la kweli, si mchezo wa kanuni. Sababu iliyotajwa na ripoti ni kasi: wastani wa mrusho wa moja kwa moja ulikuwa kama kilomita 147 kwa saa mwaka 2008, na kama 152 mwaka 2024. Vijana wanafundishwa kurusha kwa nguvu zote kila mara, kwa sababu mashine zinapima kasi na kasi ndiyo inayolipa.

Yaani baada ya kufunga mlango wa dawa, tamaa ileile imeingilia dirishani, safari hii ikibeba kamera na tarakilishi. Hilo lilinigusa, kwa sababu vifaa hivyo vinatengenezwa na watu wa fani yangu.

Jambo moja lazima nilikiri. Mwaka 2005 haukuwa mwaka safi wala mwaka mchafu, ulikuwa tayari na adhabu za siku 10. Hakuna mwaka hata mmoja katika hifadhidata ambao tunaweza kusema: hapa hakuna aliyetumia chochote, tuanzie hapa. Hata amfetamini zilikuwepo kwa miongo mingi kabla ya kupimwa. Zilipokatazwa mwaka 2006, wachezaji 28 walikuwa na ruhusa ya daktari ya kutumia dawa za aina hiyo kwa ugonjwa wa kutotulia akili. Mwaka 2007 walikuwa 103. Sitasema wote walidanganya. Nasema tu kwamba ukibadilisha kanuni, watu husogea, na takwimu zinaandika mahali walipohamia bila kuandika kwa nini.

Na sisi je?

Niliahidi tutafika. Sisi Wakenya tunaijua hadithi hii kwa upande wa riadha. Rita Jeptoo alipatikana na EPO mwaka 2014, na ushindi wake wa marathoni ya Boston ya mwaka huo ulifutwa, akapewa Buzunesh Deba wa Ethiopia. Mwaka 2016 tulipitisha sheria ya kupambana na pufya na shirika la ADAK likaundwa. Riadha hufuta mstari na kumpandisha aliyefuata. Besiboli haifuti. Homurani 73 za Bonds ziko palepale kwenye faili, kama zilivyo zake zote 762, ingawa wapiga kura wa jumba la mashujaa walimkataa kwa miaka kumi mfululizo hadi 2022.

Zamani ningesema njia ya riadha ni bora. Sasa sina hakika. Kufuta kunamrudishia haki Deba, lakini hakumrudishii shangwe ya siku ile. Kuacha kunahifadhi kilichotokea, lakini kunamwacha aliyekataa dawa bila jina.

Ninachojua ni kwamba kila mara kijana wetu anapokimbia muda mzuri ng'ambo, kuna mtu mahali fulani anafungua grafu kama nilivyofanya mimi na kusema, mstari huu umepanda mno. Huenda ana haki ya kuuliza. Hana haki ya kuhukumu, maana grafu ile haijui kama kijana alimeza kitu, au alibadilisha kocha, au aliinua mguu mapema kama Bautista. Hukumu iachiwe maabara, sampuli, na mtu kupewa nafasi ya kujitetea.

Jumatatu nilimpelekea mwenzangu majibu yangu. Akasoma, akanyamaza, akasema, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi au nilikosea?" Nikamwambia kuhusu kilele alikuwa sahihi, kuhusu ligi nzima alikosea, na kuhusu majeraha alimlaumu mtu asiyehusika. Akasema hayo si majibu ya mtu wa tarakilishi, mtu wa tarakilishi hujibu ndiyo au la. Chai ikaisha tukarudi kazini.

Haya, nisiwachoshe. Faili za Lahman ni za bure, na programu yenyewe haizidi mistari arobaini. Ijaribuni wenyewe, mkate mwaka mwingine mkipenda. Mkipata 2006, naomba mniambie mmefanyaje.